Ithibati ya Chuo cha Uuguzi ni Ngao ya Mfanyakazi

Tarehe 25 Januari 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba watu 25 walikuwa wameshtakiwa kwa biashara ya vyeti vya uongo vya uuguzi. Vyeti hivyo, vilivyozidi 7,600, vilitoka katika shule tatu za kusini ya jimbo la Florida. Mnunuzi alitoa dola kati ya 10,000 na 15,000, naye akapewa karatasi iliyoshuhudia masomo asiyoyasoma na wodi asizozikanyaga. Watu wapatao 2,400 kati ya wanunuzi hao waliupasi mtihani wa leseni, na baadhi yao wakapewa kazi ya kuwauguza watu walio hoi, wasioweza kumwuliza muuguzi wao alisomea wapi.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Wapo ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki waliohamia nchi ile, ambao huanza kwa kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazee, usiku na mchana, huku wakiweka akiba ili wajiendeleze wawe wauguzi kamili. Akiba hiyo ni jasho. Akiitoa mtu katika chuo kisichofaa, hapotezi fedha tu, bali hupoteza na miaka ya ujana wake, na huenda akabakiwa na deni litakalomfuata hadi uzeeni. Kwa hiyo yatupasa tuyaeleze mambo haya kwa utaratibu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Marekani haina ofisi moja ya nchi nzima inayotoa leseni ya uuguzi. Madaraka hayo ni ya kila jimbo. North Carolina ndilo jimbo lililotangulia kuweka sheria ya kuwaandikisha wauguzi, mwaka 1903, na mwaka huo huo likafuatwa na New Jersey, New York na Virginia. Leo kila jimbo lina Bodi ya Uuguzi, nayo ndiyo inayosema ni chuo gani ambacho wahitimu wake wataruhusiwa kuukalia mtihani wa leseni uitwao NCLEX. Ruhusa hiyo ya bodi ndiyo kibali. Chuo kisicho na kibali hakimfikishi mwanafunzi popote, hata kama majengo yake yang'aa na walimu wake wavaa tai.

Lakini kibali si ithibati, na hapa ndipo wengi hupotea. Kibali ni amri ya serikali ya jimbo, nacho ni kiwango cha chini kabisa. Ithibati ni ushahidi wa wakaguzi wa fani yenyewe, watokao nje ya chuo, ambao wamekwenda kuwaona walimu, mitaala, maktaba na mipango ya mafunzo wodini, wakaridhika. Mashirika yatoayo ithibati ya uuguzi katika nchi nzima ni matatu: ACEN, CCNE na NLN CNEA. CCNE hushughulika na masomo ya shahada na yaliyo juu yake; mengine mawili hukagua na mafunzo ya ngazi za chini pia. Mhitimu wa chuo chenye kibali bila ithibati aweza kupata leseni na kuajiriwa. Lakini akitaka kuendelea na shahada ya juu, vyuo vingi vitamkataa, na hospitali za serikali kuu zinazowatibu askari wa zamani kwa kawaida humtaka muuguzi aliyetoka katika mafunzo yenye ithibati. Mlango umefunguliwa nusu, naye alikwisha kulipa bei ya mlango mzima.

Iko na ithibati ya aina nyingine, ile ya chuo kizima, ambayo humwezesha mwanafunzi kupata mikopo na misaada ya serikali kuu. Matangazo hupenda kuitaja kana kwamba yatosha. La hasha! Kampuni ya ITT Tech ilikuwa na matawi zaidi ya 100, na miongoni mwa masomo yake ulikuwamo uuguzi. Ilikuwa na ithibati ya chuo kizima, na fedha za mikopo ya serikali zilimiminika humo. Mwezi Septemba 2016 ilifunga milango yake yote kwa ghafula, na wanafunzi wake wakaachwa njiani na madeni mikononi. Ilipofika mwezi Agosti 2022, serikali ilifuta madeni ya dola bilioni 3.9 kwa watu 208,000 waliopata kusoma huko. Deni laweza kufutwa, miaka haifutiki.

Basi mfanyakazi anayetaka kujiunga na chuo afanye nini? Kwanza, asiulize chuo kuhusu sifa zake mwenyewe. Aiulize Bodi ya Uuguzi ya jimbo lake, na ayaulize mashirika ya ithibati, maana orodha zao ziko wazi kwa kila mtu. Alitafute jina kamili la chuo, tawi lake na mji wake. Moja ya shule tatu za Florida tulizozitaja iliitwa Siena College, na huko New York kilikuwako chuo cha heshima chenye jina hilo hilo, ambacho hakikuhusika hata kidogo na uovu ule. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pili, atazame hesabu za mtihani wa leseni, yaani ni wahitimu wangapi kwa kila mia wanaopasi mara ya kwanza. Hata hivyo, hesabu hiyo nayo ina ujanja wake. Tuchukue mfano wa chuo kilichoandikisha wanafunzi 100, kikawaondoa 60 njiani baada ya kula ada zao, kikawapeleka 40 mtihanini, na 38 wakapasi. Chuo hicho kitatangaza kwamba wanafunzi wake hupasi 95 kwa mia, wala hakitakuwa kimesema uongo. Kwa hiyo ni lazima kuuliza pia ni wangapi walioanza na ni wangapi waliomaliza kwa wakati.

Tatu, aangalie ngazi ya masomo. Njia ya miaka miwili na njia ya shahada ya miaka minne zote huishia katika mtihani ule ule na leseni ile ile. Njia fupi ni nafuu kwa mtu mwenye watoto na kazi, nasi hatuidharau. Lakini sheria yaweza kuidai njia ndefu baadaye: tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2017, jimbo la New York lawataka wauguzi wapya wenye leseni ya daraja hilo wawe na shahada katika muda wa miaka 10. Anayeanza na njia fupi hana budi ajue mapema kama masomo aliyokwisha kupasi yatakubaliwa na chuo cha shahada, au ataanza upya na kulipa upya.

Nne, ajihadhari na mafunzo ya mbali kwa njia ya intaneti. Somo la nadharia laweza kusafiri, lakini mgonjwa hasafiri. Lazima mwanafunzi apate wodi ya kujifunzia karibu na kwake, na jimbo analoishi liwe limekubali. Kanuni za serikali kuu zilizoanza kutumika mwezi Julai 2020 zilivitaka vyuo vimwambie mwanafunzi waziwazi kama mafunzo yao yanatimiza masharti ya leseni katika jimbo lake, au hayatimizi, au kwamba chuo bado hakijaamua. Jibu la tatu ni onyo, wala lisipokewe kwa tabasamu.

Wapo wasemao kwamba masharti mengi huwafungia njia watu wanyonge, na kwamba hospitali zina upungufu wa wauguzi, kwa hiyo milango na ifunguliwe. Florida ilijaribu. Mwaka 2009 sheria ya jimbo hilo ilipunguza madaraka ya bodi ya kukataa maombi ya shule mpya, na shule zikaongezeka mno. Mwaka 2014 watunga sheria hao hao walilazimika kurudi nyuma, wakaagiza kwamba mafunzo ya wauguzi wa daraja la juu yaliyokuwapo yapate ithibati ifikapo Julai 2019, na yale mapya yaipate katika miaka mitano tangu kuwapokea wanafunzi wa kwanza. Hapa pana funzo kubwa. Wingi wa shule si wingi wa wauguzi. Mlango uliofunguliwa bila mlinzi hauingizi wanyonge tu, huingiza na wanaowanyang'anya wanyonge.

Ni kweli kwamba chuo kipya hakiwezi kuwa na ithibati siku ya kwanza, kwa sababu wakaguzi hutaka kuwaona wanafunzi darasani. Chuo cha namna hiyo kisihukumiwe kwa upya wake. Lakini kiandike barua, kieleze kimefika hatua gani, kwa shirika lipi, na mwanafunzi atalindwaje kama ombi likikataliwa. Chuo kisichotaka kuandika hakitaki kushtakiwa.

Wala tusidanganyane kwamba ithibati ni dawa ya kila ugonjwa. Wizara ya Sheria yenyewe, katika tangazo lake la mwaka 2023, ilizieleza shule zile za Florida kuwa zilikuwa na ithibati. Muhuri waweza kuwapo na mlinzi akalala. Ndiyo sababu hatukubaliani na wale wanaomtwisha mfanyakazi peke yake mzigo wote wa kuchunguza. Mtu anayetoka zamu ya usiku na kuwahi kumpeleka mtoto shule hana nafasi ya kuwa mpelelezi. Kukagua mara kwa mara, kutangaza hesabu za kweli, na kuvifunga vyuo vya matapeli kabla havijala ada ya mwaka wa pili, hizo ni kazi za serikali na mabodi yake, nazo zilipwe fedha za kutosha kuzifanya.

Hata hapa kwetu funzo ni lile lile. Tunayo mabaraza ya uuguzi na ukunga, na vyombo vinavyosimamia vyuo, na majina ya vyuo vilivyosajiliwa hutangazwa. Mzazi anayeuza ng'ombe ili bintiye akasomee uuguzi na aione orodha kabla ya kumwona mhasibu wa chuo. Na ofisa anayeitunza orodha hiyo akumbuke kwamba kila jina analoliandika humo, yuko mgonjwa kitandani atakayeliamini.