Kuvuliwa Cheo Si Kuvuliwa Akili



Muhula uliopita niliondolewa katika ukapteni wa mpira. Sababu yake sitaitaja, maana yamekwisha. Lakini nakiri kwamba kwa siku tatu sikwenda uwanjani. Nilikaa bwenini nikinung'unika, na rafiki zangu wawili wakanisifu wakisema, "Vema, waonyeshe!" Leo naona walinidanganya. Aliyenifumbua macho ni Mwingereza mmoja ambaye nilisoma habari zake katika maktaba yetu, Meja-Jenerali Percy Hobart.

Bwana huyu alizaliwa Bara Hindi mwaka 1885. Alianza kazi kama afisa wa wahandisi wa jeshi, kisha mwaka 1923 akahamia kikosi cha vifaru. Siku zile wakubwa wengi walidhani kwamba kazi ya kifaru ni kumsaidia askari wa miguu tu. Hobart alishika neno lake: vifaru viende mbio, vipigane kama jeshi kamili. Mwaka 1938 alipelekwa Misri, akafundisha kikosi ambacho baadaye kilikuwa Divisheni ya 7 ya Vifaru, wale "Panya wa Jangwani". Lakini ulimi wake ulikuwa mkali, naye hakupatana na wakubwa wake. Mwaka 1940 akastaafishwa.

Je, alikaa nyumbani akinuna? La! Alijiunga na askari wa kujitolea waliolinda mji wake mdogo wa Chipping Campden, akawa lansi koplo. Fikirini: jana jemadari, leo tepe moja mkononi!

Ndipo Waziri Mkuu Churchill akashikilia kwamba arudishwe jeshini, ijapokuwa wakubwa wengine walipinga. Mwaka 1941 akarudi. Baadaye akaiongoza Divisheni ya 79, yenye vifaru vya ajabu: vingine vilielea majini, vingine vilipiga ardhi kwa minyororo ili kulipua mabomu yaliyofukiwa, vingine vilibeba madaraja. Tarehe 6 Juni 1944 vifaru hivyo viliwafungulia njia askari wa Uingereza na Kanada katika pwani ya Normandy, Ufaransa.

Labda mtu atasema, "Hobart alikuwa na bahati, mimi sina Churchill wangu." Ni kweli. Lakini hata kama asingekumbukwa kamwe, mji wake ungalikuwa umelindwa. Hiyo si kazi bure.

Nanyi mnaotoa vyeo, nawaomba kwa heshima: ulimi mkali ni kosa, na mwenye kosa aonywe. Lakini mkimwondoa mtu, msiitupe na akili yake.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku ya nne nilirudi uwanjani, nikacheza beki chini ya kapteni mpya. Tulifungwa mabao mawili. Lakini nilicheza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita