Namba Hazidanganyi? Muulizeni Josh Gibson

Kuna watu mkibishana nao habari za michezo hufunga mjadala kwa msemo mmoja tu: namba hazidanganyi. Haya, wakae chini wasome The New Bill James Historical Baseball Abstract, toleo la 2001. Bill James ndiye aliyewafundisha Wamarekani kuuhesabu upya mchezo wa besiboli. Alianza kuchapisha takwimu zake mwaka 1977, akiwa mlinzi wa usiku kiwandani. Ungedhani mtu wa namna hiyo ataziabudu namba. Wapi!

Sehemu ninazozipenda kitabuni humo si majedwali. Napenda anapoipitia historia muongo kwa muongo, akieleza mchezo ulichezwaje na nani waliucheza. Lakini kinachonifurahisha kuliko vyote ni orodha yake ya wachezaji 100 bora wa nyakati zote. Nafasi ya 4 kampa Oscar Charleston, ya 9 kampa Josh Gibson. Wote wawili hawakucheza hata mechi moja ya ligi kuu, kwa kuwa walikuwa weusi na ligi kuu iliwafungia mlango. Walicheza Negro Leagues, ligi za watu weusi, ambazo rekodi zake nyingi hazikutunzwa.

Najua mtakachouliza: mtu asiye na takwimu kamili anapewaje nafasi ya 4? Na mimi nauliza: nani alisababisha zisikamilike? Unamzuia mtu getini, halafu unamcheka eti jina lake halimo kwenye daftari la wageni! Jackie Robinson alifunguliwa mlango mwaka 1947. Baada yake wakaingia Willie Mays na Hank Aaron, nao walianzia ligi hizo hizo, wakawa miongoni mwa wakubwa kabisa. Au tuamini kwamba vipaji vya weusi vilianza kuzaliwa kizazi kile?

Mei 2024 ligi kuu iliingiza takwimu za Negro Leagues, za 1920 hadi 1948, katika rekodi zake rasmi. Gibson akapanda kileleni kwa wastani wa kupiga wa .372, yaani mapigo safi 372 katika kila majaribio 1,000. Akampita Ty Cobb mwenye .367. Kelele zikaanza: eti Gibson hakupambana na warushaji wa ligi kuu. Sawa. Na Cobb, aliyecheza 1905 hadi 1928, alirushiwa mpira na mweusi gani katika ligi yake? Hakuna hata mmoja. Mbona wastani wake haukutiliwa shaka?

Gibson alifariki Januari 1947, takriban miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia uwanjani. Hakuuona mlango ukifunguka. Kwa hiyo mtu akikwambia namba hazidanganyi, mkubalie, kisha umuulize ni akina nani walikatazwa kuhesabiwa. Bill James alijiuliza swali hilo miaka 23 kabla ya ligi yenyewe kulijibu.