Pointi za Vinatieri Hazimshushi Jim Brown

Ukizuka ubishi kuhusu mfungaji bora katika historia ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, watu hukimbilia jedwali la pointi. Jedwali halina kosa. Linalonikera ni hoja zinazojengwa juu yake.

Hoja ya kwanza husema Adam Vinatieri ndiye mshambuliaji hatari kuliko wote, kwa kuwa ana pointi 2,673 ambazo hakuna aliyezifikia. Hesabu ni sahihi, ila Vinatieri hakuwa mshambuliaji. Alikuwa mpiga teke. Timu ikikwama, huingia yeye kuupitisha mpira kati ya nguzo kwa pointi 3. Na wenzake wakifunga tachidauni, yaani wakiufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani kwa pointi 6, huingia tena kuongeza 1. Morten Andersen anayemfuata kwa pointi 2,544 alifanya kazi hiyohiyo. Jerry Rice, mwenye tachidauni 208 ambazo ni rekodi, ana pointi 1,256 tu. Simdharau Vinatieri hata kidogo: Februari 2002 teke lake la yadi 48 liliipa New England ubingwa wake wa kwanza wa Super Bowl huku muda ukiisha. Lakini usimpime kwa mizani ya wakimbiaji na wapokeaji.

Wengine humtaja Tom Brady na tachidauni zake 649, wakidai amemzidi Rice mara tatu. Hizo ni pasi. Pointi 6 huandikiwa aliyeudaka mpira na kufunga, si aliyeurusha.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: Rice ana 208, Jim Brown wa Cleveland ana 126, basi mjadala umekwisha. Haujaisha. Rice alicheza mechi 303 katika misimu 20. Brown alicheza 118 katika misimu 9, kuanzia 1957 hadi 1965, wakati msimu ulikuwa na mechi 12, kisha 14 tangu 1961. Gawanya mwenyewe: Brown alivuka wastani wa tachidauni moja kwa kila mechi, Rice hakufika 0.7. Tena Brown hakuondoka kwa kuchoka. Msimu wake wa mwisho aliongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia.

Wapo pia wanaogeuza hesabu hiyo upande wa pili. Mwaka 1960 Paul Hornung wa Green Bay alipata pointi 176 katika mechi 12, na rekodi ikadumu hadi 2006, LaDainian Tomlinson wa San Diego alipofikisha 186 katika msimu wa mechi 16. Kwa hiyo, wanasema, Hornung ni bora. Hapana. Hornung alikimbia na pia akapiga mateke: tachidauni 15 zilimpa pointi 90, na 86 zilizobaki zilitoka mguuni. Za Tomlinson zote ni tachidauni, 31, bila teke hata moja. Kwangu msimu wa Tomlinson ni mkubwa zaidi.

Rekodi ya tachidauni ni ya Rice, na anaistahili kwa miaka yote aliyodumu. Lakini nikitakiwa kumchagua mmoja wa kunifungia katika mechi moja, namchagua Jim Brown.