Maiti Hadaiwi Zaka

"Usipoijua jumuiya ukiwa hai, jumuiya haitakujua ukifa." Nimeisikia kauli hii katika vikao vya jumuiya ndogo ndogo za parokia zetu. Nimeisikia katika matangazo baada ya Misa, na nimeisikia vinywani mwa watu wema wasiokosa hata siku moja ya rozari ya Oktoba. Husemwa kwa uzito, kama neno la Injili. Katika Injili haimo. Ni kauli mbaya, inalitia Kanisa letu aibu mbele ya maskini wake, na kila anayeitamka anapaswa kuiacha.

Miaka michache iliyopita nilikaa msibani kwa jirani aliyekuwa akiuza mkaa kando ya barabara. Alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, mwenye kipaimara, mwenye ndoa ya kanisani. Mkewe alikuwa ametangulia. Miaka yake ya mwisho kifua kilimsumbua, na hata huo mkaa alikuwa akiuza visado viwili vitatu kwa siku. Alipofariki, wanawe walikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya kuomba barua ya kumpelekea paroko. Mwenyekiti akafungua daftari. Mchango wa ujenzi, hakuna. Mavuno, hakuna. Zaka, mara ya mwisho miaka mitatu nyuma. Safu ya mahudhurio ilikuwa tupu. Kikao kikafanyika pale pale chini ya turubai, marehemu akiwa ndani, kujadili familia ilipe kiasi gani "kufuta deni" ndipo barua iandikwe. Familia haikuwa nacho. Tulimzika jioni bila padre wala katekista. Mama mmoja mzee, amejifunga kitenge chake cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, alianzisha sala kwa kichwa, nasi tukaitikia. Mahubiri mengi niliyosikia mwaka ule nimeyasahau. Sauti ya yule mama sijaisahau.

Wanaoitetea desturi hii nawajua, baadhi ni rafiki zangu, na hoja yao ina uzito. Kanisa haliwezi kuishi kwa kungoja misaada ya Ulaya. Bati, saruji, posho ya katekista, mafuta ya gari la paroko, ada za waseminari: mzigo huo ni wetu. Kanuni ya 222 ya Sheria ya Kanisa inawadai waamini kulitegemeza Kanisa lao, na Katekisimu, namba 2043, inaliweka jambo hilo miongoni mwa amri za Kanisa, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Sina ugomvi na zaka. Naitoa, na ninamwona mwenye mshahara asiyeitoa kuwa anamwibia mwenzake aliyejinyima ili kanisa liezekwe. Ugomvi wangu unaanza pale sadaka inapogeuzwa kiingilio cha kaburini.

Sheria hiyo hiyo inayotudai mchango inasema pia nani anyimwe mazishi ya Kanisa. Ni Kanuni ya 1184. Inawataja walioasi imani hadharani, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa miili kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kikanisa kungewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, mlango uko wazi. Penye shaka anaulizwa askofu. Haulizwi mwenyekiti wa jumuiya, wala mweka hazina. Mwenye deni la mchango wa ujenzi hayumo katika orodha hiyo. Kinyume chake, Kanuni ya 1181 inaonya kwamba mazishini pasiwe na upendeleo wa watu, na kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Na Kanuni ya 1183 inakwenda mbali zaidi: askofu akiona inafaa, hata Mkristo asiye Mkatoliki aweza kuzikwa na Kanisa letu ikiwa mchungaji wake hapatikani na mwenyewe hakuwa amelikataa jambo hilo. Kwa hiyo Mlutheri asiyewahi kuliona daftari letu anaweza kupata padre, na muuza mkaa aliyebatizwa parokiani kwetu tukamkosesha.

Wala ugonjwa huu haukuanza kwetu. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ulilazimika kuwakemea makleri waliodai malipo kwa ajili ya mazishi na ndoa. Mwaka 2020 Roma ilitoa maagizo kuhusu maisha ya parokia, ikarudia kwamba sadaka inayoambatana na sakramenti ni tendo la hiari la mtoaji na haiwezi kudaiwa kana kwamba ni bei au ushuru. Karne nane, onyo lile lile.

Lakini kinachoniuma zaidi kimo katika historia ya Kanisa la Afrika lenyewe. Karibu na mwaka 197, pale Karthago, Tunisia ya leo, Tertuliani aliandika kuutetea Ukristo mbele ya watawala wa Kirumi. Akaeleza habari za sanduku la fedha la Wakristo. Kila mwezi aliyetaka alitia chochote, kama alitaka na kama aliweza, hakulazimishwa mtu. Fedha ile ilikwenda kwa yatima, kwa wazee wasioweza tena kutoka nyumbani, kwa walionusurika merikebu zikizama, kwa waliofungwa kwa ajili ya imani. Na katika matumizi aliyoyataja mwanzo kabisa ni haya mawili: kuwalisha maskini na kuwazika. Sanduku la jumuiya lilikuwa na kazi ya kumzika asiye na kitu. Sisi, warithi wake katika bara hili hili, tumelifanya sanduku lile lile kuwa sababu ya kutomzika.

Wapagani waliyaona mazishi hayo. Kaisari Juliano, aliyetawala kuanzia 361 hadi 363 na kutaka kuirudisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu mmoja akilalamika kwamba Wakristo wanazidi kuongezeka kwa sababu ya wema wao kwa wageni na jinsi wanavyoyatunza makaburi ya wafu. Adui ndiye aliyetoa ushahidi huo.

Hapo hujibiwa: "Sisi hatuangalii fedha, tunaangalia ushiriki. Huyu hakuwa akija jumuiya." Hoja hii ndiyo ngumu, kwa hiyo tuitazame vizuri. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe la majirani: watu wa nyumba chache wanaosoma Neno pamoja, wanaojuana kwa majina na kwa shida zao. Sasa hebu twende kwenye jumuiya zetu nyingi za Jumamosi asubuhi. Somo linasomwa haraka. Tafakari ni dakika tano. Kisha madaftari yanafunguliwa, na muda uliobaki wote ni michango: ya jimbo, ya parokia, ya kigango, ya zawadi ya jubilei ya padre fulani. Majina yanasomwa kwa sauti pamoja na kiasi. Zamu ya kukaribisha jumuiya nyumbani inapofika, mwenye kibanda cha chumba kimoja anaona haya kwamba hana viti wala chai ya kuwapa watu. Anasingizia safari. Wiki ya pili anasingizia ugonjwa. Wiki ya tatu haji, na hakuna anayemfuata. Tunaandika "hayupo".

Jirani yangu alilala mgonjwa nyumba nne kutoka nyumbani kwa mwenyekiti. Mistari ile mitupu ya mahudhurio yake ni ushahidi dhidi yetu. Yeye hakuja kwetu kwa sababu hakuweza. Sisi tulikuwa na miguu. Nami nilikuwa nayo.

Na kama kweli kipimo ni ushiriki, mbona hakiwapimi wote? Tajiri wa mjini ambaye jumuiya yake haimjui hata sura akifariki, familia inalipa malimbikizo ya miaka kumi kwa mkupuo, na siku ya mazishi wanakuja mapadre watatu na kwaya yenye sare. Ushiriki wake uliokosekana umenunuliwa. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, alimkemea anayempa kiti mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha kando mwenye nguo chakavu. Hatuna haja ya kumtafuta mtu huyo katika Biblia.

Kanisa la pwani yetu lenyewe lilianza na watu wasio na cha kutoa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliounda kijiji chao cha kwanza cha Wakristo walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto. Na Februari 1874, Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa David Livingstone, walipofika na mwili wake baada ya safari ndefu kutoka bara, ulipokelewa na kulazwa usiku katika kanisa la misheni hiyo ya Wakatoliki. Livingstone alikuwa Mprotestanti wa Scotland. Mnara wa kanisa lile bado umesimama.

Wanaoogopa kwamba tukilegeza hakuna atakayetoa hawawajui Wakatoliki wa nchi hii. Mjane anayeleta kuku kwenye mavuno haleti kwa kuogopa kukosa kaburi. Na anayetoa kwa hofu ya kukosa kaburi, ile ni bima, si sadaka.

Mapadre wetu, msingoje barua ndipo mje msibani. Maaskofu wetu, andikeni waraka usomwe kila kigango, useme kwa lugha ya kila mtu kwamba hakuna mbatizwa atakayenyimwa sala ya mazishi kwa deni la mchango. Nawe mwenyekiti wa jumuiya, kabla hujaitwa kwenye msiba, Jumamosi hii utakapofika kwenye jina lenye mistari mitupu, usiandike "hayupo". Ahirisha kikao, mwende nyote mkabishe hodi kwake.