Buibui Mbele ya Ubao wa Sataranji



Leo hatuingii katika khitilafu ya maulamaa juu ya sataranji. Tunatazama jambo moja tu, nalo ni uadilifu.

Wenzetu wa Eldoret, mji wa wakimbiaji, wanajua kuwa bingwa na mwanagenzi huanzia mstari mmoja, na anayefika mwisho hana aibu. Sataranji nayo ni hivyo. Katika mashindano mengi, duru ya kwanza huwakutanisha wenye nguvu na wanyonge. Mchezaji mara nyingi huwa na kiwango kilichoandikwa. Akimzidi mwenzake kwa alama 400, hutarajiwa kupata pointi kama 10 katika kila michezo 11. Mnyonge huketi akiyajua hayo. Akishindwa, amepata somo, wala hakudhulumiwa.

Dhulma ni nguvu iliyofichwa. Mnamo Aprili 2023, katika mashindano ya Kenya Open jijini Nairobi, kijana wa kiume alijiandikisha upande wa wanawake kwa jina la Millicent Awuor, akavaa buibui, nikabu na miwani. Akamshinda Gloria Jumba, bingwa wa zamani wa taifa, na Ampaira Shakira wa Uganda. Zawadi ya kwanza ilikuwa shilingi 500,000. Mwanzoni wasimamizi hawakushuku, kwani hijabu ni vazi la kawaida. Shaka ililetwa na viatu vyake vya kiume na ukimya wake. Alipoulizwa faraghani alikiri, na pointi zake wakapewa wapinzani.

Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkana mwenye kughushi. Buibui lile lilikuwa ndiyo nafaka kavu ya juu.

Khasara yake haikuishia kwa wapinzani wake. Binti wa Kiislamu atakayeketi mbele ya ubao kwa nikabu, huenda akatazamwa viatu kabla ya kutazamwa mchezo wake. Wazazi, msiwazuie mabinti kwa ajili hiyo. Akitakiwa kujitambulisha, na afanye hivyo faraghani, mbele ya mwanamke mwenzake; hiyo ni haki yake, na kujulikana kwake ni haki ya mpinzani. Na akirudi nyumbani ameshindwa na aliyemzidi, mpokeeni kwa bashasha: amecheza na mtu aliyemjua.

Wabillahi tawfiq.