Soseji na Adesi za Nyumbani
Sisi tuliotoka pwani tukahamia Tongaren, kaunti ya Bungoma, mahindi tunayo tele, lakini soseji yenye uhakika wa uhalali haipatikani kila siku. Watoto wakiitamani, ya shaka hatuwapi, wala hatuwanyimi. Twasaga nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, twaitia thomu, chumvi na pilipili manga, twaifinyanga vipande virefu mfano wa vidole, kisha twaikaanga. Kando, kikombe kimoja cha adesi huchemshwa hadi zilainike, zikamiminiwa rojo la kitunguu, tungule na bizari. Soseji huingia mwisho, vitokote pamoja dakika 10. Huliwa kwa wali, katika sinia moja. Tangu hapo, ya dukani hawaiulizi tena.