Si Moto, Ni Safihi
Jioni moja, kwa gari la kutoka tao kwenda Umoja, makanga alimwambia mama mmoja mzee kwamba makalio yake yanafaa kulipia viti viwili. Mama alikuwa ameuliza tu mbona nauli imetoka 50 ikafika 80 na mvua haijanyesha. Makanga hakuishia hapo. Akaingia kwa sura yake, akaingia kwa watoto wake asiowajua hata mmoja. Gari zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Kijana aliyekaa kando yangu akasema, "Huyu jamaa ni moto!"

Shida yangu ni hiyo "moto".

Marehemu nyanya yangu wa Majengo, Mombasa, angemwita safihi. Alilisema neno hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuonyesha shimo barabarani: "Mpisheni, safihi huyo." Hakuna aliyecheka.

Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na huko hata halianzii kwa matusi. Safihi ni mtu mwepesi wa akili. Katika sheria ya Kiislamu ni mtu anayetapanya mali hadi kadhi anaweza kumzuia asiiguse. Aya ya 5 ya Sura An-Nisaa inakataza watu wa aina hiyo kukabidhiwe mali. Lilipoingia Kiswahili likahama kutoka mfukoni hadi mdomoni: safihi akawa fidhuli, mtukanaji, na kumsafihi mtu ni kumvunjia heshima kwa maneno. Mimi naona limehama vizuri sana. Yule anatapanya pesa, huyu anatapanya maneno, na wote wawili hawafai kuachiwa kitu cha watu.

Najua mtaniambia: msee, hiyo ni mchongoano tu, sote tumekulia humo. Zii. Mchongoano nimeucheza shuleni, na nikashindwa vibaya. Lakini sikiliza ile -an- ndani ya neno. Watu wawili wanachongoana, kila mmoja ananoa ncha yake, na zamu inarudi. Yule mama alikuwa na zamu gani? Alikuwa na mfuko wa sukuma na swali moja kuhusu nauli.

Serikali nayo imejaribu. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Utangamano na Uwiano ilitoa orodha ya maneno hatari. "Madoadoa" ilikuwemo, hata "sipangwingwi" iliyotoka kwa wimbo. Vijana wakacheka, na hapo walikuwa na haki ya kucheka. Ukipiga neno marufuku leo, mtukanaji atachukua lingine kesho asubuhi na mdomo utabaki uleule. Mimi sitaki orodha ya maneno. Nataka mwenye mdomo awe na jina, na jina hilo lisiwe la kumsifu.

Sasa, kuna wakubwa watakaosoma hapa na kudhani wamepata rungu. Wapunguze mwendo. Juni 2024 vijana walipotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, kuna waliowaambia hawana adabu. Ukimwita mwizi mwizi hujatapanya chochote; umehesabu tu. Safihi yeye hamgusi mkubwa. Anamtafuta asiyeweza kumrudishia: mlinzi wa geti, dada wa M-Pesa, mfanyakazi wa nyumbani, mama mzee kwa gari. Makanga yuleyule, polisi walipotusimamisha mbele kidogo, alikuwa mpole kama mwanakwaya. "Habari ya kazi, mkubwa." Mdomo wote ule ulikuwa umeenda wapi?

Mama alikuwa amesema anashuka Mutindwa. Alishuka Hamza, gizani, na mfuko wake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Kijana wa kando yangu akahamia kiti chake, kilikuwa cha dirishani.